Tumeleta mboga mbichi kutoka kwa wakulima jirani, lakini ndoo za mabaki zinajaa kuliko zamani. Tumekosea wapi?

#1 Kijiko_Kirefu (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya chakula katika shule ya msingi wanakosoma wanangu wawili. Mwaka jana tulipambana kweli. Tuliachana na mzabuni aliyekuwa akituletea vyakula vya makopo na mboga zilizokatwa tayari kwenye mifuko, tukaingia makubaliano na wakulima sita wa karibu. Sasa tunapata maharage, maboga, karoti, mboga za majani, na mayai mara moja kwa wiki. Mboga zinachumwa jana yake, zinafika asubuhi na umande wake. Nilikuwa na furaha mpaka nilipoanza kushinda jikoni siku za Ijumaa.

Zamani mabaki yalijaza ndoo mbili. Sasa zinajaa nne, na kinachotupwa zaidi ni zile mboga tulizozipigania. Mhasibu anataka turudi kwa mzabuni. Wapishi wanasema watoto wamedekezwa. Walimu wanasema wazazi hawawazoeshi mboga nyumbani. Kila mtu ana mkosaji wake.

Naomba mawazo ya waliopita njia hii. Kuacha sitaki, na kumwaga chakula kizuri namna hii inaniuma.

#2 Sahani_Safi
Hongereni kwa kuthubutu. Swali moja kabla ya yote: mboga zinaingia jikoni saa ngapi, na kengele ya chakula inalia saa ngapi?

#3 Kijiko_Kirefu
Sahani_Safi, majani yanabandikwa kama saa tatu na nusu. Watoto wanakula saa saba. Yakiiva yanafunikwa yasubiri.

#4 Sahani_Safi
Basi jibu lako hilo hapo, mkuu. Saa tatu na nusu mpaka saa saba jani linakuwa limeiva, limeiva tena, kisha limejipika kwa mvuke wake chini ya kifuniko. Rangi inageuka kahawia, harufu inakuwa nzito, na vitamini C, ambayo huyeyuka majini na kuharibiwa na joto, nyingi imekwenda. Ubichi mlioununua shambani mnaumalizia sufuriani. Mboga za makopo zilivumilia kwa sababu zilikuwa laini tangu mwanzo na zimetiwa chumvi, mtoto hakuona tofauti.

Kata asubuhi, pika mwisho. Majani yaingie motoni dakika ishirini kabla ya kengele, kwa mafungu mawili: fungu la wadogo, halafu fungu la wakubwa. Maboga na karoti yanavumilia zaidi, hayo tangulizeni, na msisahau mafuta kidogo. Ile karotini inayogeuka vitamini A mwilini haifyonzwi vizuri pasipo mafuta.

#5 MpishiWaZamu
Samahani Sahani_Safi, umesema kweli lakini umesema ukiwa nje ya jiko. Mimi nimepikia shule miaka kumi na moja. Unafikiri tunabandika mapema kwa kupenda?

Mfuko wa karoti zilizokatwa ulikuwa unafunguliwa kwa mkasi, basi. Karoti za shambani zinakuja na udongo. Zioshwe maji mara tatu, zikwanguliwe, zikatwe. Majani yachambuliwe moja moja, maana jani lenye konokono mtoto mmoja akiliona darasa zima haligusi. Kazi iliyokuwa ikifanywa kiwandani imehamia kwetu, na mikono ni ile ile mitatu, visu vile vile viwili butu, na jiko lenye mafiga mawili, yaani nafasi mbili tu za sufuria. Figa moja lina maharage tangu alfajiri. Lililobaki tunapanga foleni ya sufuria. Majani yanatangulia ili nafaka ipate nafasi mwisho, kwa sababu nafaka ikipoa watoto hawali kabisa.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujawauliza watoto, waulize wapishi wako wana sufuria ngapi. Nakuuliza kwa heshima: mlipokaa kubadilisha menyu, mpishi alikuwepo kikaoni?

#6 Kijiko_Kirefu
MpishiWaZamu, hakuwepo. Limeniingia hilo. Wapishi ni watatu, kama ulivyosema, utafikiri umeingia jikoni kwetu.

#7 BabaWatatu
Jikoni zote za shule ni moja, mkuu. Zinatofautiana milango tu.

#8 Chaki_na_Kengele
Naona mmelielemea jiko. Mimi ni mwalimu na nina sababu nyingine: muda.

Siku moja nilikaa na saa. Kutoka kengele mpaka mtoto wa mwisho kwenye foleni kupata sahani yake zilipita dakika 22. Mapumziko yote ni dakika 40, na ndani ya hizo kuna kunawa mikono, chooni, na mpira unaowasubiri uwanjani. Mtoto mwenye dakika nane za kula anakula kinachomezwa haraka. Karoti inatafunwa. Jani linatafunwa. Anavimeza vya wanga na mchuzi, anakimbia.

Kuna utafiti uliofanywa katika shule za msingi za jimbo la Utah, Marekani, ukachapishwa 2015. Shule zilizowaacha watoto wacheze kwanza kisha wale, watoto walikula matunda na mboga zaidi kuliko walipotangulia kula. Hakikuongezwa chochote jikoni, ni ratiba tu iliyogeuzwa. Sisi tulijaribu muhula mmoja kwa madarasa ya chini. Walikuja mezani wamechoka, wana njaa, na hawana pa kukimbilia. Tofauti niliiona kwa macho.

#9 Sahani_Safi
Chaki_na_Kengele, hilo la kucheza kwanza sikulifikiria. Naongezea: mikono. Watoto waliotoka kucheza wanahitaji maji ya kutosha ya kunawa, la sivyo mnaondoa tatizo moja mnaleta la tumbo.

#10 Mzee_wa_Mboji
Wanangu, mnasahau ulimi wa mtoto. Ulimi haubadiliki kwa azimio la kamati. Mtoto huhitaji kuonjeshwa kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano ndipo akubali. Siku ya kwanza anatema. Hiyo ni tabia ya binadamu, ya kuogopa kisichojulikana, wala si kudeka. Shule nyingi zinaleta mboga mpya wiki moja, ndoo ikijaa zinaitoa kwenye menyu, zinaleta nyingine ngeni. Mtoto anarudi mwanzo kila mara.

Na apewe kidogo. Kijiko kimoja cha kuonja, bila kulazimishwa, pembeni ya chakula anachokijua. Mnaopakua bakuli zima la kitu asichokijua mnazijaza ndoo wenyewe.

Tazameni Wajapani. Chakula cha shule kwao ni somo. Watoto wanavaa aproni na kofia, wanapakuliana, wanakula darasani pamoja na mwalimu. Walianza hayo 1954.

#11 Daftari_la_Lishe
Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu kuonja, ila tarehe nairekebisha kidogo. 1954 ni mwaka wa sheria yao ya chakula cha shule. Chakula chenyewe kinahesabiwa kilianza 1889 katika mji wa Tsuruoka, shule moja iliyowalisha watoto wa familia maskini. Na 2005 wakatunga sheria ya elimu ya chakula, wanaiita shokuiku. Kuanzia mwaka huo huo wakawa na walimu wa lishe shuleni, yaani mtu anayepanga menyu ndiye anayeingia darasani kufundisha chakula kile kile.

#12 Mzee_wa_Mboji
Marahaba. Asante kwa kunisahihisha, ndiyo faida ya uzi.

#13 Hoja_Nzito
Mimi sioni jiko wala ulimi. Naona ununuzi. Hakuna shule itakayodumu na wakulima wadogo kwa makubaliano ya mdomo. Lazima sheria. Brazili sheria yao inazilazimisha shule kununua asilimia 50 kwa wakulima wa familia. Ndiyo maana kwao inakwenda.

#14 Daftari_la_Lishe
Hoja_Nzito, umechanganya nchi mbili. Brazili ni Sheria namba 11.947 ya 2009, na ilianza na angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu. Hamsini ni Ufaransa, sheria ya EGalim ya 2018: kufikia Januari 2022, jiko la umma, kama la shule, liwe na angalau asilimia 50 ya bidhaa za ubora na endelevu, na ndani yake asilimia 20 ziwe za kilimo hai.

Na hapo pana jambo. "Karibu" na "endelevu" si neno moja. Ndani ya Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa umma hawezi kuandika kwenye zabuni kwamba anataka mkulima wa wilaya yake, ni ubaguzi kwa wafanyabiashara wengine. Wanaotaka vya karibu wanaandika vigezo vingine: ichumwe si zaidi ya saa kadhaa kabla, iwe ya msimu, mkulima awe tayari kupokea wanafunzi shambani. Brazili walikwenda njia tofauti. Sheria inaruhusu kununua kwa wakulima wa familia bila zabuni ya kawaida, kwa tangazo la wazi, na wa karibu wanatangulizwa. Ubora na bei vinaangaliwa, ila mkulima mdogo hashindanishwi na ghala kubwa.

#15 Hoja_Nzito
Nimesahihishika. Lakini hoja yangu imesimama: bila sheria ni huruma ya mtu mmoja, na mtu huyo akihama imekufa.

#16 Chaki_na_Kengele
Ufini je? Nao si walianza zamani sana, 1948?

#17 Daftari_la_Lishe
Sheria ilipita 1943, katikati ya vita, manispaa zikapewa miaka mitano kujipanga. 1948 ndipo chakula cha bure kikawa cha watoto wote wa shule za msingi. Miaka ya mwanzo watoto wakubwa walitakiwa kusaidia, ikiwemo kulima na kuokota matunda ya porini kwa ajili ya jiko la shule.

#18 Jembe_na_Kikapu
Nimesoma tangu juu, nikasubiri mtu amtaje mkulima kama mtu. Basi nijitaje mwenyewe. Niliwahi kuuzia shule misimu mitatu, nikaacha.

Sokoni nauza leo, nalipwa leo. Shuleni nilipeleka mwezi wa kwanza, nikalipwa mwezi wa nne. Mbegu na vibarua havingoji. Kilichotokea nitakisema ukweli kwa sababu kinamhusu mleta mada: majani mazuri, machanga, niliyapeleka sokoni. Yaliyokomaa, yenye nyuzi na uchungu, nikayapeleka shule, kwa sababu ndiyo niliyoweza kumudu kukopesha. Sikujisikia vizuri. Watoto wakala jani chungu, watu wakasema watoto hawapendi mboga.

La pili, kalenda. Mavuno yakiwa mengi shule imefunga. Shule ikifunguliwa shamba limekauka, nanyi menyu yenu inadai mboga ile ile kila Jumanne mwaka mzima. Menyu iandikwe "mboga ya majani ya msimu", nami nitaleta iliyo bora wiki hiyo. Mkiandika jina la jani moja mnanilazimisha nikanunue kwa mtu nisiyemjua ili nitimize oda yenu.

#19 Kijiko_Kirefu
Jembe_na_Kikapu, nimesimama kusoma nikaenda kufungua daftari la malipo. Tunachelewa wiki sita mpaka kumi. Na majani yetu ni makubwa, meusi, magumu. Nilidhani ukubwa ndio ubora.

#20 BabaWatatu
Mleta mada alikuja kumtafuta mkosaji mmoja, uzi umempa watano. Pole mkuu, na bado ukurasa wa kwanza.

#21 Kuni_Chache
Nitoke kidogo kwenye ndoo. Mleta mada hakusema endelevu, ila mada hii kila mara inafika huko, na watu wanadhani umbali ndio kila kitu. Hesabu kubwa zilizofanywa kuhusu chakula duniani zinaonyesha usafirishaji ni chini ya sehemu moja ya kumi ya gesi zote za chakula zinazoongeza joto duniani. Sehemu kubwa inatoka shambani penyewe: mifugo, mbolea, ardhi iliyofyekwa. Maharage yaliyosafiri mbali yanaweza kuwa mepesi kwa mazingira kuliko nyama ya jirani. Sisemi msinunue karibu, nanunua karibu mwenyewe na nina sababu zangu: fedha inabaki kijijini na chakula ni kibichi. Tusibebeshe tu umbali mzigo usio wake.

Shuleni kuna mambo mawili makubwa zaidi. Kinachotupwa, kwa sababu chakula cha ndooni kimekula maji, mbolea na kuni bure. Na moto. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi, kuni zinapungua, na MpishiWaZamu anapata figa lake mapema. Jiko banifu lenye kifuniko kinachoziba nalo linaokoa kuni na macho ya wapishi.

#22 MpishiWaZamu
Kuni_Chache, kuloweka naliunga mkono kwa mikono miwili. Maji ya kulowekea myamwage. Na wanaopika maharage mekundu wasidanganyike na moto mdogo: yachemke kwelikweli, mapovu yapande, dakika kumi kwa uchache, mimi naacha nusu saa. Yale mekundu yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka, na yakipikwa kwa uvuguvugu yanatapisha watoto.

#23 Daftari_la_Lishe
Umefungua mlango wa usalama, niuingie. Chakula kibichi cha karibu hakijawa salama kwa kuwa ni cha karibu. Nafaka na karanga zilizovunwa na kuwekwa na unyevu zinaota kuvu na kupata sumukuvu, haionekani kwa jicho wala haiondoki kwa kupika. Zikauke vizuri, stoo iwe na hewa, magunia yasiguse sakafu. Chakula kilichopikwa kisikae vuguvugu zaidi ya saa mbili: kiwe moto zaidi ya nyuzi 60 au kipozwe. Na vyombo. Julai 2013 katika jimbo la Bihar, India, watoto 23 walikufa kwa mlo wa shule, mafuta ya kupikia yalikuwa na kiuatilifu cha shambani. Mkulima anayewaletea mafuta au maziwa kwenye dumu, muulizeni dumu lilikuwa na nini kabla. Muulizeni bila aibu.

#24 Jembe_na_Kikapu
Na mkulima mwema hatakasirika. Tena muulizeni alipulizia lini dawa mara ya mwisho, kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma. Imeandikwa kwenye kibandiko.

#25 Tunda_Bivu
Mbona hakuna aliyetaja bustani ya shule? Watoto wakipanda wenyewe wanakula wenyewe. Mwanangu hakuwa anagusa boga, alipolipanda shuleni akawa analitembelea kama mgonjwa hospitali, na lilipoiva alikula mpaka ganda.

#26 Hoja_Nzito
Bustani hailishi shule, dada. Mimi nimekaa kwenye kamati, tulitoa mlo mmoja kwa muhula. Na likizoni nani anamwagilia? Mara nyingine bustani inageuka adhabu ya wachelewaji, kisha mnashangaa mtoto anaichukia mboga.

#27 Tunda_Bivu
Sikusema ilishe shule, Hoja_Nzito. Nimesema mtoto aijue. Mpishi Alice Waters alipoanzisha bustani ya shule kule Berkeley, Marekani, 1995, hakuwa anatafuta magunia. Watoto wanalima, wanapika, wanakaa mezani. Ila la adhabu nakuunga mkono kabisa, kulima kusiwe fimbo.

#28 Mzee_wa_Mboji
Na ndoo nne za mleta mada ni mboji nzuri kwa bustani hiyo. Maganda na mboga tu lakini, vyenye mafuta na nyama vinaita panya.

#29 Kijiko_Kirefu
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa kimya.

Tulikaa kikao, safari hii wapishi wote watatu walikuwepo. Mmoja alizungumza zaidi ya mwenyekiti. Hivi ndivyo tulivyofanya: maharage yanalowekwa usiku. Wazazi wawili kwa zamu wanakuja asubuhi kuchambua na kukata, wanaondoka saa nne. Majani yanabandikwa saa sita na nusu, mafungu mawili. Tumenunua visu vinne. Wakulima wawili wa majani tunawalipa kila Ijumaa kutoka mchango wa wazazi, wengine bado wanasubiri utaratibu wa zamani.

Nimeazima mizani, ndoo tunazipima. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, nikakata tamaa. Wiki ya pili zikashuka hadi tatu. Wiki hii mbili na nusu. Lakini wiki hii hii mkuu wa shule alisogeza mpira ukawa kabla ya chakula, baada ya kumsomea bandiko la 8, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni nini kimefanya kazi.

#30 Sahani_Safi
Ni mboga zimepikwa kwa wakati, mkuu. Nilisema bandiko la 4.

#31 Chaki_na_Kengele
Wiki ya mpira ndiyo wiki iliyoshuka. Someni tena.

#32 Mzee_wa_Mboji
Na wiki tatu ni mara ngapi wameonja? Hesabuni kabla hamjagawana sifa.

#33 Jembe_na_Kikapu
Kijiko_Kirefu, wale wawili mnaowalipa Ijumaa, majani yao yamebadilika?

#34 Kijiko_Kirefu
Yamebadilika, Jembe. Madogo, laini, ya kijani kibichi. Mmoja kaniambia anawachumia shule kwanza siku hizi. Wapishi wanasema yanaiva upesi mno, yamewaharibia mahesabu ya muda, jana fungu la pili liliregea. Kesho naingia jikoni na saa mkononi.

#35 MpishiWaZamu
Dakika tano, kifuniko wazi, na mchanganye mara mbili. Yakiwa machanga hivyo hata nne zinatosha.